Sketi ya Kukulia

Mtaa huu mzima hakuna anayejua kama mimi habari za nyumba za watu, na sijawahi hata siku moja kusimama kwenye dirisha la mtu nikasikiliza. Madirisha yao yako juu. Mimi husimama mlangoni.

Nyumba ninayoisema na yangu zinatumia ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba kama ahadi ya mlevi. Niliyoyakosa mlangoni niliyapata ukutani, na niliyoyakosa ukutani nimeyamalizia mwenyewe kichwani, maana hadithi ni kama chungu, haiachwi na tundu.

Waliishi wanne. Baba alikuwa mpaka rangi wa majengo, mtu mpole, mwoga wa ngazi. Ndiyo, mpaka rangi anayeogopa ngazi. Alipaka pale mkono wake ulipofika na kwingine akawaachia wenzake. Mama alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule. Bibi, aliyemzaa baba, kazi yake ilikuwa kukaa, na alipokaa alikalia kijimto cha bluu alichokwenda nacho kila mahali, kwa sababu, alivyosema, mifupa yake ilikuwa imechoka kusalimiana na mbao. Na binti, mtoto wao wa pekee, alikuwa darasa la saba, wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kimo.

Wiki hiyo bibi alikuwa na msiba. Kijimto kimeibwa. Kiliibwa kliniki, alisema, Jumanne, alipokwenda kupima presha kama anavyokwenda kila Jumanne. Mwizi alikuwa nesi. Ushahidi bibi hakuwa nao, ila alisema nesi yule ana makalio ya mtu anayependa kukaa vizuri.

Ndipo Jumatano, saa kumi alasiri, mwalimu wa darasa akapiga hodi.

Binti aliposikia ile sauti alijirusha kitandani kwa viatu, akajifunika shuka mpaka utosini, akaanza kuguna.

"Karibu, mwalimu, karibu kiti," bibi akasema. "Mgonjwa wetu ndiyo huyo unamsikia. Tumbo. Leo siku ya saba. Nimemkanda mpaka sasa mikono yangu ndiyo inataka kukandwa."

"Pole sana, mama. Linamuuma saa ngapi?"

"Alfajiri. Likishapita saa mbili linatulia, anakula kama mchimba mitaro. Kesho alfajiri linarudi."

"Na Jumamosi?"

Bibi akafikiri. "Jumamosi lilikuwa halina habari."

"Na Jumapili?"

"Jumapili aliruka kamba."

Kule ndani mguno ukakoma. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, nyuzi zimemng'ang'ania nguoni, na baba nyuma yake na madoa ya rangi mpaka kwenye kope. Mwalimu akaona heri aseme mara moja, watu wote wakiwapo.

"Mtoto wenu tumbo halimuumi. Mtoto wenu shule nzima inamwita Turubai."

"Turubai!" Mama akashangaa. "Kwa nini?"

Mwalimu akaitazama sare iliyotundikwa msumarini, na wote wakaitazama. Sasa hapo inabidi niwaeleze ile sketi. Mama alikuwa fundi wa kuona mbali. Alimshonea mwanawe sketi ya kukulia: pindo la darasa la tano, chini yake pindo la darasa la sita, chini yake la saba, na kiunoni, pande zote mbili, nafasi ya vidole vinne; hata ikiwa imekunjwa yote ilimpita magoti. Kila mwaka angefumua pindo moja. Hesabu ilikuwa nzuri, ila mtoto hakuisoma. Miaka miwili ilipita hajaongezeka hata unene wa kucha, na mapindo yote matatu yalikuwa palepale, yanamsubiri kama wageni kituoni.

"Walianza kwa jina," mwalimu akasema. "Halafu mawingu yakitanda wanakimbilia kwake, wanainua pindo, wanasema, 'Tupishe, mvua inakuja.' Halafu hakuna anayekaa naye, eti turubai likianguka litawafunika. Nimekuja kuyajua haya jana tu, na ninaona aibu. Jumatatu ya wiki iliyopita tulikuwa tumekaa chini mstarini. Mwalimu mkuu akamwita mbele asome. Kumbe wenzake wamemwekea mawe manne juu ya pindo, kila pembe jiwe, kama turubai la msibani. Alipoinuka, yeye aliinuka. Sketi haikuinuka."

Baba midomo ilimcheza, maana jambo lenyewe, Mungu anisamehe, linachekesha, lakini akatazama kule kitandani shuka linavyotikisika, na kicheko kikamrudi tumboni.

"Alikuwa na bukta ndani," mwalimu akaongeza haraka. "Lakini watoto mia nne walicheka. Na kuna jambo moja kubwa zaidi. Mtihani wa mwisho umekaribia. Mtahiniwa asiyeonekana darasani siku kumi za shule mfululizo jina lake linafutwa. Leo ni ya saba. Jumatatu ndiyo ya kumi."

Shuka likafunuka. Binti akatoka, nywele timtim, viatu miguuni.

"Nifutwe tu," akasema. "Sirudi. Sirudi mpaka aliyeanzisha hilo jina asimame mbele ya mstari, wote wakimwona, aniombe radhi. Huyohuyo aliyeanzisha. Simtaki mwingine."

"Atasimama!" Bibi akagonga sakafu kwa fimbo, akamgeukia mjukuu wake. "Mke mwenzangu, usilie. Huyo mshenzi nitamtafuta mimi kwa mkono wangu, nitamshika sikio hili la kulia, nitamburuta mpaka hapo mstarini! Mtu gani huyo asiye na haya, anayempa mtoto wa mwenzie jina la kufunikia magunia!"

Mwalimu akashukuru, akaacha karatasi moja wakaisome pamoja, akaenda zake.

*

Waliisoma baada ya chakula, taa ikiwa katikati ya meza. Binti ndiye aliyesoma, maana bibi miwani yake alikuwa ameikalia ikavunjika siku nyingi, tangu kijimto kilipokuwa hai.

"Uonevu baina ya wenzetu una sura nyingi," akasoma. "Sura ya kwanza, wa maneno: kumwita mtu jina asilolipenda, kumkejeli kwa umbo au nguo."

"Huo ndio wako," baba akasema. "Endelea."

"Sura ya pili, wa matendo: kupiga, kusukuma, kuficha au kuharibu kitu cha mwenzio."

Mama akaanza kuokota punje za chakula mezani ambazo hazikuwepo.

"Mama?"

"Nini?"

"Ule mkasi wako mzuri, kila jioni unasema umeutafuta asubuhi nzima."

"Wanasahau tu walipouweka, mwanangu. Karakana ina watu wengi."

"Leo uliukuta wapi?"

"Kwenye pipa la mabaki."

"Na jana?"

"Juu ya dari."

"Wanasahau kila siku mahali papya?"

Binti akasoma ya tatu: "Wa kutenga: kumwacha mtu nje ya michezo, mazungumzo au shughuli za kundi. Sura ya nne, wa simu: kusambaza maneno au picha za kumdhalilisha, au kumtoa mtu kwenye kundi ili asengenywe."

"Wenyewe walisema simu ndiyo iliyonitoa," mama akasema ghafla, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Lile kundi la mafundi. Walisema ni mtandao. Nikauliza, mbona mtandao haukumtoa mwingine? Wakacheka. Sasa chai ikiagizwa inaagizwa humo kwenye simu, vikombe saba, na sisi tuko wanane."

Baba akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kuchangamsha msiba, "Ah, wanawake mna mambo. Sisi wanaume tunataniana tu, yanaisha. Mimi juzi nilipanda kwenye paa la jengo lile la nyuma ya shule, mara ya kwanza mwaka huu, nikakaa nile chakula changu. Vijana wakaondoa ngazi. Tulicheka!"

"Na wewe ulicheka, baba?"

"Nilicheka."

"Ukiwa wapi?"

"Nikiwa juu."

"Ulikaa huko mpaka saa ngapi?" mama akauliza.

"Mpaka mvua ilipoanza," baba akasema, akainamisha kichwa kwenye bakuli lililokwisha muda mrefu.

Basi bibi akawatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. "Kwa hiyo nyumba nzima inaonewa isipokuwa mimi," akasema. "Poleni, wanangu. Dunia imejaa watu wabaya."

*

Alhamisi bibi alianza upelelezi. Alivaa viatu vya kanisani, akachukua fimbo, na binti akaja nyuma amevaa gauni la kawaida na daftari la kuandikia majina. Walisubiri shule itoke, wakaenda kwanza kwa Kiranja, msichana mrefu kama mlingoti, aliyewaongoza wale wa mawe. Mama yake alikuwa uani anaanika nguo.

"Shikamoo, bibi," Kiranja akasema, akijikunja awe mfupi.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwita mjukuu wangu Turubai?"

"Mimi sikuanza, bibi. Nilikuta linaitwa."

"Na mawe nayo uliyakuta yamewekwa?"

Kiranja akatazama vidole vya miguu yake. "Tulikuwa watatu."

"Sikuuliza mlikuwa wangapi. Siafu nao ni wengi."

"Ala!" mama yake akadakia, kibanio cha nguo mdomoni. "Mtoto wangu asionewe! Jina kalisikia kwa Mapengo, kaniambia mwenyewe. Mkamtafute Mapengo."

Mapengo alikuwa anaruka kamba mbele ya kibanda cha dada yake, msusi. Meno mawili ya mbele yalimtoka darasa la nne alipoanguka kwenye bembea, na tangu hapo mtu akimwita jina la kwenye rejesta hata yeye hageuki. Bibi akamsomea mashtaka. Mapengo akaikunja kamba taratibu.

"Nilisema, ndiyo. Nilisema kwa utani."

"Utani gani!" binti akafoka. "Mimi nililia, nyie mnacheka!"

"Na wewe unaniita Mapengo."

"Wote wanakuita Mapengo. Na wewe unacheka."

"Nacheka nimefunga mdomo," Mapengo akasema. "Hujawahi kuona?"

Binti akawa anatafuta jina la mwenzake kichwani, lile la kweli, na alilipata baada ya muda, kama mtu aliyetafuta funguo kumbe anazo mkononi. Daftarini alikuwa ameshaandika "Mapengo." Akalikata kwa mstari, akaandika lile lingine. Bibi hakuona, maana upelelezi ulikuwa umemkolea.

"Wewe ulilisikia kwa nani?" akamsukuma kwa swali.

"Kwa dada."

Msusi alikuwa na kichwa cha mteja magotini. Hakusimamisha vidole. "Hilo la turubai? Ah, bibi, mbona kila mtu alicheka. Mimi nililipata kwa Mama Pipi, yule anayeuza pipi na penseli kwenye geti la shule. Alinisimulia mpaka machozi yakamtoka. Kasema kuna shoga yake fulani, mcheshi huyo, huja kukaa naye Jumanne, ndiye aliyesema."

Pale pale bibi akashikwa na goti.

"Limeuma ghafla," akasema. "Twende nyumbani, mke mwenzangu."

"Bibi, geti liko hapo tu! Twende tukamuulize Mama Pipi huyo shoga yake ni nani!"

"Goti likikataa limekataa. Ni kama punda."

Njiani alitembea upesi kuliko walivyokuja. Walipofika karibu na nyumbani akaanza kwa sauti laini, sauti ambayo miaka yote ya ukuta wetu sijawahi kuisikia. "Unajua, mke mwenzangu, kusamehe ni jambo kubwa. Mtu mwingine husema neno bila nia mbaya. Limetoka, limekwenda. Utamfukuza upepo?"

"Jana ulisema utamshika sikio la kulia."

"Jana presha ilikuwa juu."

*

Jioni mama alirudi na mkasi shingoni. Ameufunga kwa utepe, unaning'inia kifuani kama medali. "Leo nimekula nao, nimekwenda nao chooni, na nimerudi nao," akasema. "Kesho wakafiche cherehani." Kisha akaishusha ile sketi msumarini, akaikunjua mezani, akakaa anaitazama.

"Kata, mama," binti akasema.

"Nikikata, na ukikua?"

"Utashona nyingine. Wewe si fundi?"

"Kukata ni kusema hutakua."

"Nitakua, mama. Lakini sketi ianze na mimi, isinitangulie."

Mama akabana kiuno, kisha akaingiza mkasi. Mapindo yakatoka moja baada ya jingine, mapya kabisa, bluu isiyowahi kuona jua. Bibi, aliyekuwa amekaa pembeni, akaona kitambaa kinavyolundikana, roho ikamchangamka.

"Hicho kinatosha kijimto kipya," akasema. "Si ndicho kitambaa kilekile cha kile kilichoibwa? Ila safari hii usininyime uzi. Kile cha kwanza kona moja uliishona kwa uzi mwekundu, kilinitia aibu kliniki."

"Wa bluu uliniishia, mama. Kona ya nne tu."

"Nayo kona ya nne ndiyo iliyokuwa inatazama watu."

Binti akaijaribu sketi. Ilimkaa sawasawa, magoti yakaonekana, kwa mara ya kwanza toka darasa la tano ikajulikana kuwa ana miguu miwili. Akazunguka mara moja. Halafu akaivua, akaitundika.

"Asante, mama. Lakini sketi haikuniita jina. Aliyeniita ni mtu. Jumatatu asiposimama, siendi."

"Kesho tumeitwa kwa mwalimu mkuu, saa tatu," mama akasema. "Tutampata. Wote tutakwenda, na bibi yako pia. Si yeye ndiye mpelelezi?"

Asubuhi ya Ijumaa bibi hakuamka. Walimkuta amejifunika shuka mpaka utosini, anaguna.

"Tumbo," akasema sauti ya chini ya shuka.

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda. "Linakuuma saa ngapi, bibi?"

"Alfajiri hii."

"Na kesho Jumamosi, litakuuma?"

Mguno ukakatika katikati. Shuka likawa linafikiri. "Leteni viatu vyangu," likasema mwishowe.

*

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na viti vitano na watu tisa. Kiranja na mama yake walikaa upande mmoja, Mapengo na dada yake msusi upande wa pili, bibi karibu na mlango akipima umbali. Mwalimu wa darasa alisimama na karatasi yake. Baba alichelewa, na alipoingia aliingia kwa shida, kwa sababu begani alikuwa amebeba ngazi ya futi kumi na mbili, mwanzo wake uko mezani kwa mwalimu mkuu na mwisho wake bado uko uwanjani.

"Ya nini hiyo?" mama akauliza.

"Leo nimeichukua mimi," baba akasema, macho yanameremeta.

"Na wenzako?"

"Wako juu."

"Baba wee, hiyo si imo kwenye karatasi!" binti akapiga kelele. "Sura ya pili! Kuficha kitu cha mwenzio!"

"Nawatania tu. Na wao wanacheka."

"Wakiwa wapi?" wakauliza watu watatu kwa pamoja.

Baba akafikiri kidogo, akaigeuza ngazi, akavunja kioo kimoja cha picha ya ukutani, akaomba radhi, akatoka mbio kuwarudishia. Mwalimu mkuu akafuta vigae vya kioo mezani kwa rula.

"Tuendelee. Nani alianzisha hili jina?"

Kiranja akamtaja Mapengo. Mapengo akamtaja dada yake. Msusi akasema, "Mama Pipi wa getini. Naye alisikia kwa shoga yake."

"Mama Pipi?" bibi akashangaa kwa nguvu, mkono kifuani. "Ndiyo nani huyo? Mimi geti la shule hata silijui limekaa vipi. Miguu yangu hainifikishi huko. Na mimi na pipi wapi na wapi, na sukari yangu hii niliyokatazwa na daktari?"

"Hakuna aliyekuuliza, mama," mkwe wake akasema polepole.

"Nasema mapema, ili nisiulizwe."

Mwalimu akatumwa getini. Dakika haikuisha, kwani geti lenyewe lilikuwa hatua ishirini, akarudi na mwanamke mnene mchangamfu, aproni ina mifuko mingi, kwapani ana kitu cha bluu. Baba akaingia nyuma yake anahema, bila ngazi, jicho moja limeanza kuvimba. Hakuna aliyemuuliza.

Mama Pipi akatupa macho chumbani, uso ukamchanua.

"Loo, shoga yangu! Afadhali nimekuona! Jumanne umeondoka umesahau kijimto chako kwenye kreti. Nikasema, masikini, wiki nzima atakalia nini? Na zile pipi zako za kifua nimekuwekea, zimebaki sita."

Ofisi nzima ikamgeukia bibi. Bibi akamgeukia mtu wa nyuma yake, akakuta ni ukuta.

"Hicho si changu," akasema.

Mama hakubishana. Alikipokea kijimto, akahesabu kona kwa kidole, moja, mbili, tatu, akafika ya nne, akawainulia. Uzi mwekundu.

"Basi nesi ndiye aliyemuuzia!" bibi akasema. "Nilijua tu yule nesi ana wenzake!"

"Nesi gani tena?" Mama Pipi akacheka. "Wewe si huwa unakaa na mimi kila Jumanne, nyuma ya mwavuli, ili usionekane kwa ajili ya sukari yako? Huyu mama, mwalimu, ana maneno! Siku ile mapumziko, watoto wanacheza, kasichana kamoja kanakatiza uwanja, upepo ukaingia kwenye sketi. Huyu akaniambia, 'Tazama turubai langu hilo. Siku mvua ikinyesha nitaingia humo mimi na ukoo wangu wote.' Nilicheka mpaka nikamrudishia mteja chenji mara mbili! Nikamsimulia msusi. Kwani kuna ubaya?"

Mama Pipi akayatazama macho ya watu, akaufuata mstari wa macho hayo mpaka kwa binti, akamwona alivyo mdogo, na mkono wake ukaenda mdomoni.

"Ndiye huyu?" akauliza.

Binti alikuwa anamtazama bibi yake tu. "Ungeniambia mimi," akasema. "Nyumbani. Bibi, ningecheka."

Miaka sabini na ushee bibi yule hakuwahi kukosa neno. Siku hiyo alilitafuta kwenye mikunjo ya kanga, hakuliona. "Nilikuwa nakusifu," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ulikuwa unapendeza unavyopepea. Nikasema yule ni wangu. Sikujua neno lina miguu kunizidi mimi."

"Basi mwanangu hana kosa!" mama wa Kiranja akainuka, ameshashika mkoba. "Tumesikia wote! Mtu wao wenyewe!"

"Kaa, mama," mwalimu mkuu akasema. "Jina alilitoa bibi. Mawe manne hakuyabeba bibi. Jumatatu Kiranja na wenzake wawili watasimama mstarini, na beji ya ukiranja nitabaki nayo mimi."

Kiranja akaibandua beji, akaiweka mezani karibu na vigae. Binti akamtazama. Kisha akainua mkono kama yuko darasani.

"Na mimi kuna mtu namdai radhi... hapana, yeye ndiye anayenidai," akasema, akamtaja Mapengo kwa jina lake la rejesta. Mwenyewe hakugeuka mpaka dada yake alipomgusa bega. Alipoelewa alicheka, na safari hii mdomo ulifunguka wote, pengo na kila kitu.

"Kwa hiyo utakuja Jumatatu?" mwalimu wa darasa akamuuliza binti.

"Nilisema aliyeanzisha asimame mbele ya wote. Akisimama, nitakuja."

Macho yakarudi kwa bibi. Mama akamwekea kijimto mapajani. Mwalimu mkuu akafungua kitabu chake kikubwa, akaandika tarehe.

"Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mbele ya wanafunzi mia nne," akasema. "Tutakuwekea kiti, bibi."

Bibi akajiweka sawa, akakohoa, akakunja kanga vizuri kama mtu mwenye shughuli nyingi.

"Mwalimu wangu, ningependa sana, tena sana," akasema. "Bahati mbaya tu Jumatatu nina kliniki."

"Kliniki ni Jumanne, bibi," akasema mke mwenzake.